Kompresa ya upepo kwa gereji ya nyumbani: usinunue kwa kuangalia tangi

Leo hatuongelei mbolea wala viwavijeshi. Tangu msimu wa kulima uanze nimeulizwa swali moja na watu kama sita hivi: "Bwana shamba, nataka kompresa ya kujazia upepo matairi ya trekta na pawatila, halafu kijana wangu aanzishe kagereji hapo nyumbani. Ninunue ipi?" Nimechelewa kulijibu kwa maandishi kwa sababu mara ya kwanza nilipolijibu kwa mdomo nilikosea, na gharama ya kosa langu aliilipa mtu mwingine.

Mtu huyo ni mzee mmoja wa huku Mbarali, mkulima wa mpunga ninayemheshimu sana. Ana trekta moja la zamani, pawatila mbili na tela. Njia za huku kwetu zina miiba ya migunga, kwa hiyo pancha ni jambo la kila wiki, na fundi wa upepo alikuwa mbali. Kila pancha ilimaanisha kung'oa tairi, kulipakia kwenye guta na kulipeleka barabarani. Akaniuliza kompresa gani inamfaa. Mimi nikaangalia stika ya kompresa moja ndogo dukani, imeandikwa nguvu za farasi mbili na nusu, lita 206 kwa dakika, tangi la lita 24. Nikamwambia, "Mzee, hii inatosha kabisa." Akanunua.

Wiki ya tatu mota ikaungua. Ilikuwa ni katikati ya kulima, tairi la nyuma la trekta limelala chini, na majirani wawili waliokwisha kumlipa mzee awalimie wanamsubiri. Trekta lilikaa siku mbili. Nilipoenda kumwona hakunifokea. Aliniambia tu, "Bwana shamba, uliponiambia nipunguze mbegu kitaluni nilikuamini, ikawa kweli. Na hii nilikuamini vilevile." Niliona aibu kubwa. Ndipo nilipoanza kukaa na mafundi na kujifunza hiki kitu kinafanyaje kazi.

Kwanza, je, unaihitaji kweli?

Niseme jambo ambalo wauza maduka hawatalipenda. Kama una pikipiki moja, baiskeli na labda kagari kadogo, huhitaji kompresa. Pampu nzuri ya mguu, au ile ndogo inayochomekwa kwenye betri ya gari ya volti 12, inakutosha. Tairi la pikipiki linataka pauni (psi) 28 hadi 36 hivi, la gari dogo 30 hadi 35. Hela iliyobaki nunua geji nzuri ya kupimia upepo, maana wengi wetu tunapima kwa kupiga tairi teke.

Kwa mwenye trekta mambo ni tofauti, na hapa ndipo suala hili linaponihusu mimi kama mtu wa kilimo. Tairi la nyuma la trekta likiwa shambani halitakiwi kujazwa likawa gumu kama jiwe. Matrekta mengi tunayoyatumia yanataka pauni 12 hadi 20 nyuma, kutegemea uzito na aina ya tairi. Angalia kitabu cha trekta lako. Presha ambayo tairi inauwekea udongo wa juu hukaribia sana presha iliyomo ndani ya tairi lenyewe. Ukilijaza pauni 30 ili "lisipate pancha", unaushindilia udongo wako, tairi linakanyaga kwa sehemu ndogo, linateleza, na dizeli inaishia kwenye kuzungusha gurudumu palepale. Lakini tela likibeba magunia barabarani linataka upepo mwingi zaidi, mara nyingi pauni 40 na kuendelea. Kwa hiyo mkulima mwenye upepo wake nyumbani anaweza kupunguza anapoingia shambani na kuongeza anapotoka. Asiyekuwa nao anajaza mara moja kwa mwezi na kuacha hivyohivyo.

Halafu kuna vumbi. Wakati wa kuvuna mpunga, rejeta ya mashine ya kuvunia inaziba makapi kila siku, injini inachemka. Kupuliza rejeta kwa upepo kuanzia upande wa injini kuelekea nje ni kazi ya dakika kumi inayookoa silinda hedi. Chujio la hewa nalo unalipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha isiyozidi pauni 30, na usilisogelee sana. Ukilipuliza kwa pauni 100 karatasi inatoboka matundu usiyoyaona, na kuanzia siku hiyo injini inakula mchanga.

Tangi ni ndoo, pampu ndiyo kisima

Hili ndilo nililokosea. Tunaiangalia kompresa kama tunavyoangalia simtanki: kubwa ni bora. Sasa fikiria una simtanki la lita elfu moja, lakini pampu ya kisima inatoa lita tano kwa dakika, na wewe unataka kumwagilia bustani kwa paipu inayotoa lita ishirini. Utamwagilia kwa muda, simtanki litaisha, halafu utabaki na lita tano zako. Kompresa ni hivyohivyo. Tangi linahifadhi tu. Kinachofanya kazi ni kile kichwa cha pistoni kinachovuta hewa na kuisukuma ndani, na swali la kumuuliza muuzaji ni: kinatoa lita ngapi za hewa kwa dakika?

Hapo kuna mtego. Namba iliyo kwenye stika mara nyingi ni hewa ambayo pistoni ingeivuta kama kila kitu kingekuwa kamili. Hewa inayotoka kweli baada ya kubanwa ni pungufu, mara nyingi theluthi mbili hivi ya namba hiyo, na kwa mashine za bei rahisi hata chini ya hapo. Baadhi ya stika zinaandika CFM badala ya lita; CFM moja ni lita 28 hivi. Nguvu za farasi nazo zinaongezwa chumvi. Ile ya mzee iliyoandikwa mbili na nusu, kibati cha mota yenyewe kilisema kilowati 1.5, yaani farasi mbili tu. Amini kibati cha mota, stika ya rangi nyekundu iache.

Kuna njia ya kupima ukweli palepale dukani, na huhitaji kifaa chochote zaidi ya simu yako. Mwambie muuzaji afungue koki ya chini tangi libaki tupu kabisa, kisha afunge na kuwasha. Wewe anza kuhesabu muda kwenye simu. Mashine ikifika baa 8 na kujizima, simamisha. Zidisha lita za tangi kwa baa zilizopanda, gawanya kwa dakika. Mara ya pili nilikwenda na mzee Mbeya mjini tukafanya hivyo kwa kompresa ya lita 50 ambayo stika yake pia iliandikwa lita 206. Ilichukua dakika 3 na sekunde 20. Lita 50 mara baa 8 ni 400, gawanya kwa 3.33, unapata lita 120. Siyo 206. Muuzaji alicheka akasema yeye mwenyewe hajawahi kufanya hesabu hiyo. Muuzaji akikukatalia kuwasha, hama duka.

Sasa lita 120 zinafanya nini? Tairi kubwa la nyuma la trekta, mfano lile la saizi 18.4-30, ndani yake kuna nafasi ya lita karibu 400. Kulitoa sifuri hadi pauni 16, ambayo ni baa 1.1, unahitaji lita 440 hivi za hewa. Kwa lita 120 kwa dakika ni kama dakika nne. Siyo mbaya! Kwa hiyo kwa kujaza upepo tu, hata mashine ya farasi mbili inaweza. Tatizo linakuja kwenye kazi nyingine za gereji.

Bunduki ya kufungulia nati, ile ya nusu inchi, ukiibana inakula lita 400 au zaidi kwa dakika. Lakini unaibana sekunde chache kwa kila nati, kisha unapumzika, kwa hiyo hapa tangi linakusaidia. Tangi la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi 6 linakupa lita 100, yaani sekunde 15 za kubana. Kwa gari dogo inatosha tairi moja moja. Kwa nati za nyuma za trekta sikushauri kabisa. Tumia spana na kipande cha bomba, utamaliza mapema.

Kupaka rangi ndiko kunakoua hizi mashine ndogo. Bunduki ya rangi inataka upepo mfululizo, lita 250 hadi 350 kwa dakika, na haina kupumzika. Ukiwa na pampu ya lita 120, kabla hujamaliza ubavu mmoja wa tela presha imeshuka, rangi inaanza kutoka matone matone, na mota inazunguka bila kukata. Mashine hizi nyingi zimetengenezwa zifanye kazi nusu ya muda na kupoa nusu. Kijana wa yule mzee, baada ya kuona upepo upo nyumbani, aliamua kupaka rangi tela lote mchana mmoja. Simlaumu. Mimi ndiye niliyesema inatosha kabisa, bila kuuliza inatosha kwa kazi gani.

Umeme, ambao hakuna anayeuuliza

Lakini rangi peke yake haikuiua ile mota. Nilipokuta waya waliotumia ndipo nilipoelewa. Ulitoka nyumbani hadi bandani, mita kama arobaini, waya mwembamba ule wa taa, umeunganishwa sehemu mbili kwa selotepu. Mota ya farasi mbili ikiwa inazunguka inavuta ampia tisa hivi. Inapoanza, kwa sekunde moja au zaidi, inavuta mara nne hadi sita ya hapo. Kwenye waya mrefu mwembamba volti zinashuka, mota inanguruma haizunguki, au inazunguka kichovu, na joto linapanda mpaka nyaya za ndani zinaungua. Ukisikia kompresa inanguruma bila kuzunguka, zima hapohapo. Usiisubiri "ikubali".

Dawa yake ni rahisi: mashine ikae karibu na umeme, upepo ndio usafiri. Paipu ya upepo ya mita 30 inapoteza kidogo sana ukijaza tairi. Waya wa mita 30 ulio mwembamba unakula mota. Kwa mashine ya farasi tatu mwite fundi umeme akuvutie laini yake yenyewe kutoka kwenye swichi kubwa, waya wa milimita 2.5 au 4 kutegemea umbali, na plagi isiwe ile ya pasi. Zaidi ya farasi tatu ni vizuri uwe na umeme wa njia tatu, na vijijini wengi tuna njia moja tu. Kwa hiyo hata kama una hela ya mashine ya farasi tano na nusu, uliza kwanza nguzo yako inaleta nini.

Jenereta? Kwa farasi mbili usiende chini ya kVA 5, kwa sababu ya ule mvuto wa kuanza. Sola ya nyumbani, sahau. Kwa mtu asiye na umeme kabisa naona ni bora kompresa yenye injini ya petroli. Nimeona pia watu wanachukua kichwa cha kompresa na kukizungusha kwa mkanda kutoka kwenye injini ya dizeli ya pawatila, kama wanavyofanya kwa pampu ya maji. Inafanya kazi, lakini pima puli. Injini inazunguka mara 2,200 kwa dakika na vichwa vingi vya mkanda vinataka mara elfu moja hivi, kwa hiyo puli ya injini iwe chini ya nusu ya ile ya kompresa. Na lazima kuwe na vavu inayoachia upepo tangi likijaa, kwa sababu injini ya dizeli haijizimi.

Kuhusu aina: zile ndogo ambazo mota imeungwa moja kwa moja na pistoni zinazunguka kasi sana, karibu mara 2,850 kwa dakika, zina kelele na zinachakaa mapema. Za mkanda zinakwenda taratibu, zinapoa vizuri na fundi yeyote anazifungua. Zisizotumia oili ni nyepesi kubeba, ila kwa gereji ya kila siku mimi sizipendi. Yenye oili iwekee oili ya kompresa, siyo ile iliyobaki ya pikipiki. Na ndugu zangu wa Njombe na Makete, huko juu hewa ni nyepesi, kompresa yako itatoa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Ongeza kidogo unapochagua.

Kama kijana anataka kukaa barabarani na kuhudumia Fuso, hapo ni habari nyingine kabisa. Tairi la Fuso chumba chake hakifiki robo ya tairi la nyuma la trekta, ila linataka pauni 100 na zaidi. Mashine ya baa 8 inajizima kwenye pauni 116 na haijiwashi tena mpaka ishuke hadi 87 hivi. Utakuwa unasukumasukuma tu na dereva anakuangalia. Tafuta ya pistoni mbili za hatua mbili, inayofika baa 10 hadi 12. Angalia vizuri, maana kuna za vichwa viwili ambazo zote ni hatua moja. Ya hatua mbili ina silinda moja kubwa na moja ndogo, na bomba la kupoozea kati yake.

Maji ya ndani ya tangi

Hewa ikibanwa inatoa maji. Asubuhi ya masika unaweza kufungua koki ya chini ukapata maji ya kikombe kizima, yana rangi ya kutu. Hiyo kutu ndiyo tangi lako linavyoliwa kutoka ndani, chini, mahali usipopaona. Fungua koki kila jioni ukimaliza kazi, liache wazi hadi asubuhi. Ni kazi ya nusu dakika na ndiyo matengenezo makubwa kuliko yote.

Tangi likitoboka tundu dogo linalovuja, usilipeleke kuchomelewa. Tundu ni dalili kwamba bati zima la chini limekwisha, na tangi linalopasuka likiwa na baa 8 halitofautiani na bomu. Linang'oa paa na linaua. Tupa tangi, bakiza kichwa na mota. Vavu ya usalama, ile yenye kapete, ivute mara moja kwa mwezi usikie inapumua. Nimekuta mahali wameiziba kwa boliti kwa sababu "ilikuwa inavujisha upepo". Ilikuwa inafanya kazi yake, jamani! Na zile kompresa za kuunda, za mashine ya friji na mtungi wa gesi uliochomelewa, najua mafundi wetu wana akili sana, lakini usiweke kitu hicho pale wanapocheza watoto.

Ukinunua iliyotumika, gonga chini ya tangi kwa nyundo ndogo likiwa tupu. Panapolia kama debe bovu tofauti na ubavuni, ondoka. Sikiliza pia inapojizima: lazima ilie "chsss" fupi. Hiyo ni hewa ya kwenye bomba inaachiwa ili mota isianze na mzigo. Isipolia, mota hiyo ina siku zake.

Mengine mafupi: usijipulize vumbi mwilini, upepo ukipenya kwenye kidonda au sikio ni hatari kubwa, na ukijaza tairi la lori lenye ringi ya pete, tumia paipu ndefu yenye kishikio kinachojishika chenyewe, ukae pembeni. Usiliinamie.

Sasa ipi? Kwa mwenye pawatila, pikipiki na gari, ambaye hatapaka rangi: farasi mbili, lita 50, inatosha kweli, na safari hii nimehesabu. Kwa mwenye trekta, tela na kijana anayetaka gereji ya majirani: ya mkanda, farasi tatu, lita 100, inayotoa kuanzia lita 200 kwa dakika ukiipima mwenyewe. Bei siandiki kwa sababu zinabadilika. Ulizia maduka matatu.

Yule mzee alichukua hii ya pili. Safari hii yeye ndiye aliyeshika simu. Ilitumia dakika 3 na sekunde 40 kufika baa 8, tukapiga hesabu tukapata lita 218, wakati stika ilisema 350. Akamwonyesha muuzaji namba hiyo, wakabishana, akapunguziwa bei kidogo. Ile ndogo mota yake ilisukwa upya, na nilichangia nusu ya gharama ingawa alikataa mara mbili. Sasa kijana anajazia nayo pikipiki za watu hapo njiani. Iko ukutani karibu na plagi, paipu ndiyo inayofika barabarani.